Kasuku Aliyewafunga Wajane wa Marjanati

Alitawala katika mji wa Marjanati Sultani Ghalibu bin Mutaa, na mji huo ulikuwa na kuta za marumaru na misikiti ya minara ya kijani, na chemchemi zilizomimina maji ya marashi siku za Idi, na kila kitu ulikuwa nacho isipokuwa kazi. Kazi zilikuwa za wapwa wa waziri.

Na katika mji huo alikuwako kijana aitwaye Lutufi bin Kheri, aliyesafiri nchi za mbali kutafuta ilimu, akasoma fikihi na falaki na mantiki na hesabu za mirathi, akarudi na ijaza zenye mihuri ya dhahabu, yaani kwa maneno ya siku hizi digrii juu ya digrii, na sivii ndefu kama kilemba cha waziri. Na alichokosa ni konekisheni tu. Akazitembeza ijaza zile ofisi hadi ofisi mpaka zikachakaa pembe, na kila karani alimwambia, "Acha karatasi zako, ya akhi, tutakuita." Wallahi hadi leo hawajamwita.

Basi njaa haisomi ijaza. Lutufi akaingia kazi ya waliokosa kazi, akawa mtunga hekaya. Kila Alhamisi baada ya alasiri Sultani Ghalibu aliketi barazani na wakuu wake kusikiliza hekaya mpya, na mtungaji aliyemfurahisha alipewa sinia la pilau, na aliyemlaza usingizi alitoka na njaa ileile aliyoingia nayo.

Alhamisi moja Lutufi alikuwa akisoma hekaya ya mjane wa mfalme wa kale, na alipofika katikati aliinua macho akaona kope za Sultani zinashuka, na Kadhi Shihabu amekwisha kuanza kukoroma kwa heshima. Harufu ya pilau ilikuwa inatoka jikoni. Hapo Lutufi akasema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yake, wala halikuwa kichwani mwake pumzi moja kabla ya hapo.

"Na ilikuwa mila ya wahenga wetu, ewe Sultani wa zama, kwamba mjane haolewi mpaka kasuku wa nyumba asahau jina la marehemu, na kasuku akifa kabla ya kusahau, mjane yule ni haramu kwa wanaume wote mpaka kiyama."

Sultani akafumbua macho. Kadhi akaamka, akakohoa, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo.

"Subhanallah," akasema Sultani, na machozi yakamlenga. "Wazee wetu walijua kupenda! Siku hizi mtu hajakauka kaburini, mkewe ametiwa hina."

Lutufi akapewa pilau, na juu yake pete ya shaba kutoka hazina, kitu anachopewa mtu ambaye hutaki kumpa kazi.

Ijumaa ile khatibu akaitaja mila ya kasuku mimbarini. Mwezi haukuisha, kasuku wakaadimika sokoni, na mjane asiye na ndege aliletewa mmoja na mawifi zake, amekwisha kufundishwa jina. Wanazuoni wakagawanyika: hawa walisema ni kasuku wa kijivu tu, wale wakasema hata chiriku anatosha, na waliogawanyika hawakusalimiana tena. Na bikizee mmoja aliapa hadharani kuwa nyanya yake alikaa na kasuku mpaka meno yakamtoka.

Lutufi alicheka. Tena alijiona. Alipita sokoni akisema moyoni, "Tazama watu hawa, stori yangu imewavaa," na hakujua kwamba nguo ile ilikuwa inashonwa kwa kipimo chake.

Kwani Lutufi alikuwa akimpenda Bi Zabibu, mjane wa mfanyabiashara wa udi aliyeitwa Badawi, mwanamke mwenye macho ya kulungu na ulimi wa wembe. Walikwisha kupeana ahadi, na eda yake ilikuwa imekwisha. Akavaa kanzu aliyoazima akaenda kuposa kwa Bwana Mubaraka, ndugu wa marehemu, ambaye tangu siku ya maziko alikuwa akitembea na funguo za ghala la udi kiunoni.

"Karibu, msomi, karibu," akasema Mubaraka. "Kaa kitako."

Kabla Lutufi hajakaa, ikatoka uani sauti ya mwanamke, laini, yenye mapenzi na usingizi kidogo: "Badawi! Kahawa tayari!"

Lutufi moyo ukampasuka. Ilikuwa sauti ya Zabibu.

"Si yeye," akasema Mubaraka akitabasamu. "Ni ndege. Alijifunza kwake. Basi umesikia mwenyewe, bwana, bado anakumbuka."

"Na eda imekwisha, Bwana Mubaraka. Mwanamke yuko huru."

"Eda imekwisha, ndege hajaisha. Mila, baba! Wewe ndiye uliyetukumbusha, Mola akulipe. Siku ndege atakaposahau, njoo, mlango wazi."

Na Lutufi alipokuwa akitoka, akachungulia uani, akamwona Mubaraka amekwisha kuinamia tundu, mkononi ana njugu, ananong'ona, "Badawi. Sema, Badawi."

Akaenda mbio mpaka barazani, akaanguka mbele ya kiti cha Sultani akasema, "Ewe mfalme wa zama, nisamehe. Mila ile niliibuni. Nilikuwa na njaa na wewe ulikuwa na usingizi. Hakuna kasuku, hakuna wahenga."

Baraza zima likacheka.

"Unyenyekevu wa wasomi," akasema Sultani. "Wanapenda kujitia hawajui."

"Wallahi niliibuni! Kadhi, wewe unajua! Kitabu kinasema mjane akitoka edani yuko huru!"

Kadhi Shihabu akapapasa ndevu. "Kitabu kimesema, na mila imefafanua. Na sikiliza, mwanangu. Mtu habuni mila. Mtu huikumbuka, kisha hudhani ameibuni. Hicho ni kiburi cha ujana."

"Basi mleteni mmoja aliyeisikia kabla yangu!"

Wakamleta. Wakamleta bibi yake mwenyewe, Bi Mize, aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, na bibi akakalishwa juu ya mto wa hariri, akamtazama mjukuu wake kwa huruma.

"Lutufi, mjukuu wangu, umesahau? Mimi ndiye niliyekuhadithia ya kasuku. Ulikuwa na tetekuwanga. Ukilia, nikikupepea."

"Bibi! Ulinihadithia ya sungura!"

"Na ya kasuku pia."

Hapo Lutufi aliona, kwa mbali, kipepeo cha ukindu, na mkono wa bibi, na juu ya ukuta kivuli cha ndege. Je, kilikuwako? Au amekiona sasa hivi? Akili yake ikawa kama chujio lililotoboka: kila alichomimina kilipita chote, kweli na uwongo pamoja.

"Ukirudia kusema mila ya wahenga ni uwongo," akasema Sultani, na sasa hakucheka, "utatolewa mjini kwa lango la kusini, na mwanamke huyo hutamwona tena. Khalasi."

Akatoka Lutufi akaketi nyuma ya kisima cha ngamia jua likiwaka, akaishika ile pete ya shaba aitupe, na alipoizungusha kidoleni ardhi ikatetema, na moshi ukapanda, na ndani ya moshi akasimama jini mrefu kama mnara, ngozi rangi ya bizari, macho makaa.

"Niko mbele yako, ewe mwenye pete. Mimi ni Kaimuri, mtumwa wa shaba hiyo. Nibomoe nini, nijenge nini?"

Lutufi hakuogopa, maana hasira ilikuwa imejaa na hofu ilikosa pa kukaa. "Niondolee mila moja katika mji huu."

"Mila ipi, bwana wangu?"

"Ya wajane na kasuku."

Jini akashuka kimo mpaka akawa mrefu kama mtu. "Bwana wangu, niamuru nihamishe mlima. Niamuru niilete kasri ya mfalme wa Sini ikiwa na watu wake, wala chai zao hazitamwagika. Lakini hiyo siiwezi. Mlima haujui kama ni mlima, ndiyo maana unahama. Watu wanajua."

"Basi msahaulishe yule ndege!"

"Na shemeji atamfundisha kesho. Tena, bwana, samahani, mila ya wahenga si ya kuchezewa. Mimi mwenyewe nina dada mjane kule Kafu, mlima wetu majini. Ana kunguru. Tunasubiri."

"Kunguru? Majini pia? Kaimuri, niliibuni mimi! Kwa ajili ya pilau!"

Jini akamtazama kwa masikitiko, vilevile alivyomtazama bibi yake. "Huenda," akasema. "Lakini mimi kazi yangu ni kubeba mawe. Maneno uliyabeba wewe." Na akarudi ndani ya pete.

Lutufi akaenda kwa Zabibu. Akasimama nje ya dirisha la mbao zilizochongwa, naye Zabibu akasimama ndani, na kati yao tundu la kasuku limening'inia, na ndege ameinamisha kichwa anawasikiliza wote wawili, Lutufi akamsimulia yaliyompata barazani na kisimani.

"Hebu sema, msomi," akasema Zabibu. "Jini naye amekushinda?"

"Amenishinda. Zabibu, sijui tena kama niliibuni. Bibi amesema, Kadhi amesema, nami nimeanza kukiona kivuli cha ndege ukutani."

"Na mimi nimeanza kumkumbuka mama akiniambia. Na mama hakuwahi kuniambia kitu ila nikoroge uji." Akacheka bila furaha. "Unajua kinachonitesa? Si kungoja. Kila asubuhi naamshwa na sauti yangu mwenyewe inamwita mume wangu aliyekufa. Nilimpenda, Mungu amrehemu. Lakini sauti ni yangu, nami siwezi kuinyamazisha. Hebu niambie, katika hekaya yako, yule mjane anasema nini?"

Lutufi akafikiri. "Analia."

"Analia. Kisha?"

"Analia sana."

"Laa haula! Ndege umempa maneno, mimi umenipa machozi. Na ijaza zote hizo!"



"Badawi! Kahawa tayari!" akaita kasuku.

Zabibu akamgeukia ndege. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayepapasa gizani kitasa cha mlango: "Mimi nilikuwa nikiita hivyo, naye marehemu huitika labeka, ndipo namimina. Asipoitika simimini. Sasa huyu ndege anaita tangu msiba, na katika nyumba hii hapana hata mmoja wa kumwitika. Ndege atasahauje jina lisilojibiwa? Hata mimi nisingesahau. Yule asiyeitika ndiye anayemfunga mjane, si ndege. Shika kalamu."

"Niandike nini?"

"Uniandike mimi nikisema."

Alhamisi ikafika, na Lutufi akasimama barazani, Kadhi kulia, Mubaraka amekaa mbele na funguo zake, na Lutufi akasema kwamba amejaliwa kuikumbuka sehemu ya hekaya iliyokuwa imepotea. Akasoma jinsi mjane wa mfalme wa kale alivyofuta machozi akasimama mbele ya wakuu wote akawaambia, "Enyi mabwana, ndege haiti maiti, ndege anaita mume. Na jina lililokosa mwenye kuitika haliwezi kusahauliwa. Basi atakayeliitikia kwa nia njema, jina limekuwa lake, na marehemu amepumzika, na ndege ameachiliwa, nami pia." Na akasoma kwamba tangu siku ile ikawa mila, mume mpya huitika labeka kila alfajiri, ndipo humiminiwa kahawa.



Mubaraka akaruka. "Uzushi! Ewe Sultani, majuzi mtu huyu alisema mwenyewe kwamba anabuni!"

"Keti," akasema Kadhi Shihabu. "Majuzi nilimfundisha kwamba mtu habuni mila, huikumbuka. Leo amekumbuka. Na mimi hiyo ya labeka nilikuwa nikiijua siku zote, nilikuwa nangoja aitaje mwenyewe."

"Hata mimi," akasema Sultani.

Bikizee waliokaa nyuma wakatikisa vichwa, na mmoja akaanza kusimulia jinsi babu yake alivyoitika.

Wakaandamana wote, Sultani na wakuu na ngoma na mavumbi, mpaka nyumba ya marehemu, na ndege alipoona umati akatanua mabawa akaita, "Badawi! Kahawa tayari!" Na Lutufi akajibu, "Labeka!" Na nyuma ya pazia kahawa ikasikika ikimiminika.

Wakaozwa siku ileile, na mji ukapambwa, na Mubaraka akavua funguo kiunoni mmoja mmoja kama mtu anayeng'olewa kucha. Na ghala la udi likastawi, na wajane wa Marjanati wakaolewa wengi, na Sultani, baada ya miaka yote ile ya tutakuita, akampa Lutufi kazi yenye joho na mshahara na farasi: Mlinzi Mkuu wa Mila za Wahenga.

Na kila alfajiri ndege aliita, na Lutufi aliitika. Sokoni watu wakamzoea kwa jina lile, wakamwita Badawi, wadogo wakamwamkia shikamoo Mzee Badawi, naye akaitikia marahaba bila kusita. Zabibu peke yake ndiye aliyemwita Lutufi, na siku nyingine ilimbidi aite tena.

Ikapita miaka, na kasuku akazeeka, na asubuhi moja akakutwa chini ndani ya tundu, amekufa. Nyumba ikawa kimya. Zabibu akamimina kahawa akamwekea mumewe mbele, akasema, "Kunywa, bwana. Tumepumzika."

Lutufi akaitazama kahawa mpaka ikapoa, asiinywe. Kisha akavaa joho akatoka, na adhuhuri akarudi na kinda la kasuku, halijaota manyoya vizuri, akalitia tunduni, akaliinamia na njugu mkononi, akaanza kulinong'oneza, "Badawi. Sema, Badawi. Kahawa tayari."

"Lutufi!" akasema Zabibu. "Unafanya nini? Ni sisi wawili tulioandika!"

Mumewe akageuka polepole, na usoni mwake hamkuwa na mzaha wowote.

"Usiseme hivyo mbele za watu, Bi Zabibu," akasema. "Ndivyo tulivyowakuta wazee."

Na Zabibu akataka kumbishia, akafungua kinywa, na ghafla hakuwa na hakika.

Hii ndiyo hekaya, na funzo lake ni hili: mwandishi akikwambia ya wahenga, muulize kwanza kama amekula, na ukiwa wewe ndiwe mwandishi, angalia sana unachoutia mji kinywani, kwani mji hautemi, na nawe unakula mumo humo.