Bi Rumaitha na Mdalasini wa Mgeni

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemen aliishi mjane mchamungu aitwaye Bi Rumaitha, aliyekuwa mnusaji wa soko la viungo. Kazi hiyo siku hizi haipo, kwa hiyo sina budi kuieleza. Walikuwapo wafanyabiashara wasiomcha Mola ambao waliuchemsha mdalasini wakatoa mafuta yake, kisha wakayaanika magome na kuyauza kana kwamba hayajaguswa. Kwa macho ni vigumu kutambua. Mpishi wa halua atayatwanga, atayatia sufuriani, na watu watakula halua yenye ladha ya vumbi la mbao. Ndiyo maana kila mzigo ulipitia kwanza kwa Bi Rumaitha. Alivunja gome, akalitia katika bakuli la maji ya moto, akanusa, akaapa, na baada ya kiapo chake hapakuwa na mjadala.

Kwa miaka ishirini hakumdhulumu mtu. Kisha ikaja homa. Ilimchukua binti yake wa pekee, Lubaba, kabla hajatimiza siku arobaini za uzazi, ikamwachia bibi mjukuu mchanga wa kike. Bi Rumaitha naye aliugua akapona, lakini alipoinuka kitandani hakusikia tena harufu ya kitu chochote. Alifukiza ubani, akaona moshi tu.

Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alijipa moyo kwamba pua itarudi kesho. Tena, akiacha kazi, nani angemlisha mwanamke aliyemnyonyesha yule yatima? Basi akaanza kuhukumu kwa rangi na kwa uzito, na kwa muda hakukosea. Mimi naiita bahati. Yeye, maskini, alijidanganya kwamba ni baraka.

Siku moja akafika mgeni aitwaye Mundhir, na magunia manne ya mdalasini wa nchi ya mbali. Magome yake yalikuwa membamba, mepesi, yenye rangi iliyopauka, ilhali watu wa mji ule walizoea magome mazito yenye wekundu. Mwenye pua nzima angejua mara moja kwamba hiyo ni aina nyingine, tena bora kuliko yao. Bi Rumaitha aliinamia bakuli, akavuta pumzi asipate kitu, akautazama ule mpauko, akasema, "Wallahi, huu umechemshwa."

Mundhir alidhani amesikia vibaya. "Mama yangu, nakuomba unuse tena. Nimeliuza shamba la marehemu baba yangu kwa ajili ya mzigo huu."

"Nimekwisha kuapa," akajibu, na hakumtazama usoni.

Desturi yao ilikuwa kwamba mdalasini wa udanganyifu huchomwa mbele ya lango la soko, na mwenyewe husimamishwa hapo atazame. Shekhe Numair, msimamizi wa soko, akaamuru iwe hivyo.

Moto uliposhika, soko zima lilijaa harufu. Bi Rumaitha hakuisikia, ila aliona nyuso za watu. Alimwona muuza halua amefumba macho. Akamwona mwanamke mmoja akivuta pumzi polepole, kama mtu anayefunua chungu cha pilau. Naye alijua kuliko wote kwamba magome yaliyochemshwa yakiungua hayana tofauti na kuni. Watu walitazamana wasiseme neno, maana kila mmoja aliona ni afadhali aitilie shaka pua yake kuliko kiapo cha mama yule. Mundhir alikuwa akilia.

Shekhe Numair akamsogelea, akamwuliza kwa upole, "Bi Rumaitha, harufu hii inatoka wapi? Au magunia haya yaliwahi kutiwa udi?"

Angalieni, ndugu zangu, jinsi mlango wa kutokea ulivyofunguliwa mbele yake, na aliyeufungua ni mtu mwema asiyejua anafanya nini. Angeitikia kwa kichwa tu, kazi ingebaki, mtoto angenyonya, na mgeni angeondoka na jina la mwizi.

Akauliza, "Shekhe, mdalasini huu unanukia?"

"Unanukia mno."

Bi Rumaitha akakaa chini mavumbini. "Basi nimemdhulumu mtu huyu. Tangu nilipomzika Lubaba sisikii harufu yoyote. Nimeapa kwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo nisilolijua. Zimeni moto."

Waliuzima, lakini magunia matatu yalikuwa majivu, na la nne lilikuwa limeloa maji na masizi.

Alivuliwa kazi siku ile ile, na hakulalamika. Nyumba yake, aliyoachiwa na mumewe, alimkabidhi Mundhir badala ya mzigo, naye akahamia na mjukuu katika chumba nyuma ya jiko la halua, akawa anatwanga mdalasini kwa ujira wa kutwa. Kila Ijumaa baada ya sala alisimama kwenye mlango uliokuwa wake, akabisha hodi, akamwomba Mundhir radhi.

"Bado, mama," Mundhir alimjibu. "Moyo wangu bado."

"Ni haki yako, mwanangu," alisema, akaenda zake. Ramadhani ikaingia, ikatoka, naye hakukosa Ijumaa hata moja.

Asubuhi moja Mundhir alikwenda mwenyewe kwenye lile jiko. Alimkuta Bi Rumaitha kinuni, mtoto amempakata, mikono imekuwa myekundu kwa unga wa mdalasini. Wapishi waliomzunguka walikuwa wakiusifu unga ule kwa harufu yake, naye anatwanga tu. Mundhir akakaa juu ya gunia.

"Mama, unaukumbuka sana?"

"Mdalasini? Hapana." Akauweka mchi kando. "Nakumbuka utosi wa mtoto. Lubaba alipokuwa mchanga nilikuwa nikiunusa utosi wake mpaka napata usingizi. Huyu ni wake, nami sijui ananukia vipi. Sitajua."

Mundhir alinyoosha mikono akampokea mtoto, akainamisha uso juu ya kichwa chake, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Ananukia maziwa," akasema. "Na jasho kidogo, hapa penye nywele. Na mdalasini, wa mikononi mwako." Akamrudisha mapajani mwa bibi yake. "Nimekuwia radhi, mama. Mwenyezi Mungu naye akuwie radhi."

Bi Rumaitha alilia mpaka wapishi wakaacha kazi.

Najua wapo watakaouliza kama pua yake ilipona. Haikupona. Aliishi miaka mingine kumi na moja, akafa bila kusikia harufu tena, na sitawaongezea muujiza ambao Mola hakuuteremsha. Ukweli wake ulichelewa, ukamgharimu nyumba na heshima, na majivu hayakugeuka tena kuwa magome. Mimi kila nikimkumbuka humwomba Mwenyezi Mungu anipe ulimi wa kusema "sijui" mapema, kabla moto haujawashwa.