Taji la Gotfridi na Kiapo cha Mama Yake

Wamepokezana wasimulizi wa habari za watu wa kale kwamba, zama zile Wafaransa walipokuwa wakizimeza nchi za Wadachi, yaani Wajerumani, moja baada ya moja, palikuwa na mtawala wa nchi ndogo aitwaye Gotfridi. Mama yake, Bibi Hedwiga, alikuwa mjane mcha Mungu, asiyefungua kinywa kwa chakula kabla hajakifungua kwa Zaburi.

Mcha Mungu alikuwa, lakini mama mkwe ni mama mkwe, awe Mdachi awe Mswahili. Gotfridi alikuwa amemwoa Otilia, binti wa mhunzi. Kwa ada yao, mtawala akioa mtu wa chini humpa bibi arusi mkono wa kushoto badala ya wa kulia. Ndoa ni ndoa mbele ya Mungu, wala kwa madhehebu yao haina talaka, ila mke hapati cheo na watoto hawarithi kiti. Sisi tuujuao mkono wa kushoto na kazi yake tutastaajabu, lakini kila nchi na ada zake. Bibi Hedwiga alihudhuria arusi ile amenuna, na tangu hapo hakumwita mkazamwana wake kwa jina. Alimwita "yule".

Basi siku moja asubuhi, tarumbeta zikalia langoni! Mjumbe wa Mfalme Mkuu wa Wafaransa aliingia na farasi wake, na mbele yake mtumishi amebeba kasha la mahameli. Lilipofunguliwa, ukumbi mzima ulinyoosha shingo. Lilikuwa taji.

"Bwana wangu anakupa binti wa dada yake, na taji hili uwe mfalme kamili," mjumbe alimwambia Gotfridi. "Sharti ni moja, uwe huna mke. Ukiwa naye, nchi hii itatiwa katika nchi ya jirani, na kiti chako basi."

Mjumbe huyo hakuja kichwa kichwa. Alikwisha kuchunguza akajua kwamba kasisi aliyewafungisha ndoa amefariki, shahidi mmoja kati ya wawili ameanguka vitani, na kanisa lenyewe limeteketea pamoja na daftari la ndoa. Akaweka Injili mezani kando ya taji, akauliza kama ndoa hiyo ilipata kufungwa.

Gotfridi alimtazama mkewe aliyesimama mlangoni na wanawe wawili, kisha akalitazama taji. "Mama alikuwapo," akasema. "Atakalosema mama ndilo hilo." Subhanallah! Bwana arusi mzima anatafutiwa shahidi wa arusi yake!

Macho yote yakamgeukia Bibi Hedwiga. Neno moja tu, na mwanawe ni mfalme! Neno moja, na yule aliyemkera miaka yote atarudi kwa baba yake mhunzi. Waziri alimwinamia sikioni, "Bibi mtukufu, sema hukumbuki. Kusahau si dhambi kwa mzee." Na Bibi Hedwiga, tusimsifu kwa asichokuwa nacho, alitamani. Alitamani mno.

Akauweka mkono juu ya Injili.

"Nilikuwapo," akasema. "Mwanangu alitoa mkono wa kushoto, nami nikafurahi kuwa si wa kulia. Lakini aliapa mbele ya Mola wake. Mkono una kushoto na kulia, kiapo hakina. Huyu Otilia ni mke wake."

Ukumbi ukalipuka kwa makelele! Mjumbe aligonga meza. "Bibi, unajua unachokitupa?"

"Nakijua kuliko wewe. Nimekiota tangu nilipomzaa."

Kasha likafungwa, farasi wakaondoka mbio, na haukupita muda nchi ikachukuliwa kama ilivyosemwa. Siku ya kuhama kasri, Gotfridi alimlilia mama yake, "Mama, umenivua ufalme!"

"Nimekuvua, mwanangu," alijibu, naye analia pia. "Ungevaa taji lile ukiwa umemkana mkeo na wanao. Siku ukiulizwa na Mungu, mimi niko wapi nikujibie?"

Gotfridi akainama kwa haya. Kisha akaenda kumpakia Otilia garini, akamshika mkono mbele za watu wote.

Ndugu zangu, kusema kweli inayomfaa umpendaye ni jambo jepesi, hata mwizi huliweza. Bibi huyu alisema kweli iliyomwangusha mwana aliyempenda, ikamwinua mke asiyempenda. Wasimulizi hawasemi kwamba alimpenda Otilia hata baada ya hapo. Wanasema hakumdhulumu. Nasi tumwombe Mola atujalie walau hilo, kwa wale ambao mioyo yetu imekataa kuwapenda.