Sindano Tatu za Bi Mwamvua

Wahenga hawakuropoka waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi hayana adabu ya kukaa kimya eti kwa sababu mwenyewe kanyamaza. Bi Mwamvua wa Elerai aliijua methali hiyo vizuri, tena hodari wa kuwapigia wenzake. Zamu yake ilipofika, akaisahau.

Mwaka huo wa 1996, baada ya miaka kumi ya kuuza mitumba, yeye na mumewe, Mzee Saadi, walipata nafasi ya kwenda Hija. Kama ilivyo desturi, alikwisha pita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Majirani walimsamehe, wakalia naye, wakamwagiza dua. Angerudije kwa watu hao kuwaambia haendi tena? Aibu hiyo aliiogopa kuliko ugonjwa wowote.

Basi asubuhi ya chanjo za safari hospitalini, nesi Skolastika alipomuuliza, "Mama, kuna chakula kinachokudhuru? Mayai, kwa mfano?" moyo ulimlipuka. Tangu utotoni akionja yai, midomo humvimba. Lakini alikwisha sikia kwamba asiyechanjwa homa ya manjano hapewi kadi, na asiye na kadi hasafiri.

"Hakuna, mwanangu," alijibu.

Mzee Saadi akafungua mdomo. Mkewe akamfinya, akaufunga.

Alichomwa tatu kwa mpigo: homa ya manjano, uti wa mgongo na homa ya matumbo.

"Mikono itauma, na homa kidogo itakuja. Hayo ni ya kawaida," nesi alisema. "Ila msiondoke hapa kabla ya nusu saa."

Hazikupita dakika kumi, viganja vikaanza kumuwasha. Akajikuna chini ya buibui. Midomo ikawa mizito. Nesi alipopita kumtazama, Bi Mwamvua aliinamisha uso.

"Ni sindano zinafanya kazi," alimnong'oneza mumewe.

Kisha koo likabana kama mdomo wa gunia uliofungwa kamba. Akavuta pumzi, pumzi ikagoma. Akatapika, akapaliwa, macho yakamtoka. Hapo ndipo alipoogopa kufa, na sauti ya kusema hana.

Mzee Saadi alimdaka asianguke. "Nesi, mayai humdhuru. Nilijua, nikanyamaza."

Skolastika alimlaza chini, akamchoma pajani sindano ya nne, ya kufungua pumzi. Dakika zilijikokota. Mzee Saadi alisoma kila dua aliyoijua, hata pumzi ikapenya, nyembamba, ikikoroma.

Uhai ulirudi, lakini matapishi yalikuwa yamemwingia kifuani. Akapata kichomi, akalazwa wiki mbili.

"Mama, ungesema ukweli," nesi alimwambia kwa huzuni, "daktari angekuandikia barua ya kukusamehe sindano ile moja ya homa ya manjano, inayotengenezwa kwa mayai, ukasafiri na wenzako."

Siku ya safari Mzee Saadi alikuja wodini kuaga. Alitaka kubaki, mkewe alikataa.

"Nipe radhi, mke wangu. Nilinyamaza."

"Mimi ndiye wa kuomba," alijibu kwa sauti ya kukwaruza, machozi yakimtoka. Majirani wote alikuwa amewaomba radhi. Huyu aliyekaribia kumwacha mgane hakumwomba.

Mumewe akaondoka na mkoba mmoja. Bi Mwamvua akageukia ukuta, akaisema mwenyewe ile methali aliyozoea kuwapigia wenzake: mficha maradhi kifo humuumbua.