Kunde Elfu Moja na Tisa

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale palikuwa na mama, jina lake Nyamvula, na binti yake mmoja tu, Mbodze. Wewe hapo, acha kumfinya mwenzio! Hadithi ya leo inauma yenyewe.

Siku moja Mbodze akaenda kuokota uyoga. Zimwi likamkamata, likamfungia pangoni. Nyamvula akafuata nyayo hadi mlangoni, akapiga magoti.

"Nirudishie mwanangu!"

Zimwi likacheka. "Niletee kunde elfu moja na nane. Uzigawe mbele yangu mafungu yaliyo sawa, isibaki hata punje moja. Fungu moja peke yake silitaki, wala mafungu ya punje mojamoja. Ukiweza kabla jua halijazama, mchukue. Ukishindwa, namla. Na zikishafika hapa, hakuna kuongeza, hakuna kupunguza."

Zimwi lile lilikuwa jinga, jamani. Lilidhani namba kubwa ndiyo namba ngumu. Kumbe elfu moja na nane inagawika kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, utakavyo!

Basi Nyamvula akarudi mbio, akaketi kuhesabu kunde. Sasa, kijijini kwao kila apimaye chakula humalizia kwa punje moja ya mgeni, yule atakayebisha hodi bila taarifa. Alifundishwa hivyo tangu utotoni. Alipofika elfu moja na nane, mkono ukatupia ya mgeni, mwenyewe hana habari.

Kule pangoni akagawa mafungu mawili. Ikabaki moja.

"Mama, zimegawika?" Mbodze akauliza kutoka ndani.

"Bado, mwanangu."

Akagawa mafungu matatu. Ikabaki moja.

"Mama, zimegawika?"

"Bado, mwanangu."

Akagawa mafungu saba. Ikabaki moja.

Hapo Nyamvula akaitazama ile punje, akaijua.

"Ole wangu! Hii ni ya mgeni! Nakuomba, niruhusu niile."

"Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza."

Basi akajaribu mafungu matano, zikabaki nne. Kumi na moja, zikabaki nane. Kumi na matatu, nane tena. Akaenda hivyo hadi thelathini na moja, machozi yanadondokea kunde. Maana elfu moja na tisa, watoto wangu, haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Angepewa mwaka mzima, asingeweza.

Jua likazama. Zimwi likainuka, likajipangusa mikono, likaingia pangoni.

"Mama," Mbodze akaita, "zimegawika?"

Nyamvula hakuwahi kumwambia mwanawe uongo. Siku ile akamwambia.

"Zimegawika, mwanangu. Fumba macho, nakuja kukuchukua."

Mbodze akafumba macho, akanyoosha mikono.

Hadithi yangu imeishia hapo, wala msiniombe niiongeze. Desturi njema ni njema, lakini usiuachie mkono kazi ya akili. Hata wema, usipouangalia unapouweka, huua.