Kiko cha Gunzi cha Bibi Nyanzala

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Hiyo pakawa ya nani, ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, watu wakiwa wabishi kuliko leo, palikuwa na vijiji viwili kwenye kijito kimoja. Huko juu walikaa Watu wa Juu. Huku chini walikaa Watu wa Chini. Msinicheke, majina ndiyo hayo.

Watu wa Juu walikuwa na udongo mzuri wa kufinyanga, na viko vyao vya tumbaku vilikuwa vya udongo, vinene, vizito. Watu wa Chini walikuwa na mchanga mtupu. Wao walitoboa gunzi la mahindi, wakachomeka mrija wa tete, basi, kiko hicho.

Utasema kiko ni kiko tu. Thubutu! Enzi hizo ukipeleka shauri kwa Mtemi, ulikwenda na kiko chako, na kiliwashwa mara moja tu. Kikiwaka, sema, hakuna wa kukukatiza. Kikizima, kaa chini, shauri lingoje mwaka mwingine. Na huanzi na shauri, la! Unaanza na salamu. Kisha unataja mababu, mmoja mmoja, na wake zao. Ndipo unafika kwenye lako.

Sasa Watu wa Juu walikuwa wameziba kijito kwa mawe, maji yote yakageukia bustani zao. Huku chini mahindi yakajikunja majani. Kila mwaka Mzee Misana, msemaji wa Watu wa Chini, alikwenda kudai maji. Anasalimu. Vuta, pu! Anataja mababu. Vuta, pu! Akifika kwa babu Mhoja, kiko kinalia koro-koro-koro, fsss! Kimezima. Watu wa Juu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Misana anarudi nyumbani na neno lake tumboni. Mwishowe akafa nalo.

Akabaki mjane wake, Bibi Nyanzala. Meno hakuwa nayo, lakini mdomo alikuwa nao! Wazee wakamwendea.

"Mama, mwaka huu tusemee wewe. Maji yasipofunguliwa, tunahama."

Bibi Nyanzala akatazama shamba lake. Alizaliwa pale, akaolewa pale, mumewe kalala pale. Kuhama? Moyo ulimuuma, ulimuuma kweli.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini siendi na aibu ile ile."

Akachukua kisu. Akachukua kiko cha marehemu. Kacha! Akakipasua katikati.

Mkamwana wake, Kalunde, akapiga yowe. "Mama! Kiko cha baba!"

"Baba yako hayumo humu, mwanangu. Humu kimo kilichomshinda. Njoo utazame."

Wakatazama. Mrija umeingilia juu, umejitokeza mpaka katikati ya tundu, ncha yake imeungua. Chini ya mrija kuna shimo, na shimoni tumbaku nyeusi, imegandamana, haijawahi kuonja moto.

"Ahaa!" Bibi akapiga paja. "Pumzi haifiki huku chini. Mate yanateremka, yanatuama hapa. Moto ukishuka unakuta dimbwi."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Tuliondoe dimbwi."

Akachukua gunzi jingine, akalitoboa mpaka chini kabisa ili mrija uingilie chini. Akawasha. Vuta, pu! Lo! Kitako kikaungua, kaa la moto likamdondokea mapajani. Bibi akaruka kama kigoli! Kalunde alicheka, kisha akajuta, maana alitumwa maji saa ile ile, na kisima kilikuwa mbali.

Bibi akakaa, akafikiri. Juu ya jiko yalining'inia mahindi ya mbegu, yameiva moshi, yamekauka kau-kau. Akapukuchua moja, gunzi lake gumu kama mti. Akalitoboa, kitako akakiacha kinene. Akakata ncha ya mrija ili uishie ukutani, usijitokeze ndani. Kisha akakanda jivu kwa maji na tone la asali, akasiriba lile shimo mpaka likalingana na mdomo wa mrija. Akakiacha kando ya mafiga kikauke taratibu.

Akawasha. Vuta, pu! Hakuna koro-koro. Vuta, pu! Hakuna fsss. Kiko kikawaka mpaka mwisho, na alipokikung'uta likatoka jivu jeupe, kavu. Bibi akaangua kicheko, akamkumbatia Kalunde, wakacheza pale pale jikoni.

Siku ya baraza ikafika. Mzee Ilagila, msemaji wa Watu wa Juu, akamtazama akakenua.

"Mama, umeleta gunzi? Ungewaachia mbuzi!"

"Mbuzi wako watalipata likizima," akajibu Bibi. Akawashiwa.

Akasalimu. Vuta, pu! Akataja mababu. Vuta, pu! Akakaribia babu Mhoja. Watu wa Chini wakabana pumzi. Watu wa Juu wakaanza kushika mbavu kabisa, tayari kwa kicheko.

"...na Mhoja, na mke wa Mhoja..."

Vuta, pu! Moshi. Akapita! Kalunde, aliyemsindikiza, machozi yakamtoka.

"Mtemi, nimekuja kwa ajili ya maji. Kijito hiki kilipita kwetu kabla ya babu yake Ilagila kuota ndevu. Wameweka mawe. Kwao wanamwagilia maboga, kwetu watoto wanalamba umande. Sitaki kijito chote. Nataka kipite tu, kama kilivyopita."

"Kimezima!" akapiga kelele Ilagila. "Kiko kimezima, Mtemi!"

Bibi akavuta. Pu! Moshi ukamwendea Ilagila puani, akapiga chafya.

"Keti, Ilagila," akasema Mtemi. "Kiko kinawaka."

"Neno langu limekwisha, Mtemi," akasema Bibi. "Moto uliobaki ni wa mume wangu. Aliondoka hapa kila mwaka akiwa hajamaliza. Leo amalize."

Akanyamaza. Akavuta, pu. Akavuta, pu. Baraza zima likakaa kimya, hakuna wa kumkatiza, mpaka kiko kikazima chenyewe. Akakikung'uta kiganjani. Jivu jeupe.

Mtemi akasimama. "Toeni mawe."

Yakatolewa siku hiyo hiyo, na Ilagila mwenyewe alibeba. Maji yakashuka, poromo-poromo-poromo! Yalifika kijijini kabla ya Bibi. Alipotokea, watu walikuwa wamesimama kijitoni hadi magotini, wanapiga vigelegele. Akaingia nao, na nguo zake, na kiko chake.

Basi, nyie mnaonisikiliza, kitu kikiwashinda msikitupe, wala msikiabudu eti ni cha marehemu. Kipasueni mtazame ndani.

Hadithi yangu imewaka mpaka mwisho. Nimeikung'uta, na jivu lake ndilo hilo.