Msiba wa Nani Mzito Zaidi

Niwape?
— Tupe.
Ikiwa chungu?
— Tutaimeza.
Ikiwa inawahusu?
— Tutaisikiliza kama ya jirani.

Basi endeleeni kumenya karanga zenu. Mikono ifanye kazi yake, masikio yafanye yake.

Hapo kale palikuwa na nchi mbili, na katikati mto. Mto wenyewe haukuwa mkubwa. Wakati wa kiangazi mtu aliuvuka maji yakiwa magotini.

Upande huu palikuwa Usanze. Wasanze walichemsha chumvi. Walikuwa na chemchemi za maji ya chumvi. Waliyateka, wakayachemsha vyunguni mpaka maji yakaisha, chumvi ikabaki. Upande ule palikuwa Ukombwa. Wakombwa walifua chuma: majembe, mashoka, visu. Msanze alilima kwa jembe la Mkombwa. Mkombwa alikula mboga yenye chumvi ya Msanze.

Nao walikuwa watani. Mtu akifa Usanze, Wakombwa walivuka mto kuja kumcheka marehemu mbele ya wajane wake. "Mwangalieni alivyofumba mdomo. Huyu hata huko aendako hagawi chakula." Wajane walilia, kisha wakacheka, kisha wakaweza kula.

Na palikuwa na desturi. Nyumba ikifiwa, moto wake huzimwa. Mfiwa hawashi mwenyewe. Mtani ndiye humletea moto kutoka ng'ambo, umefunikwa majivu kwenye kigae. Huo ndio moto unaopikia uji wa kwanza baada ya maziko.

Na watani wakifiwa siku moja, je? Hilo nalo lilikuwa na jibu. Mwenye msiba mwepesi huinuka, akapekecha moto, akampelekea mwenzake. Lilikuwa jibu zuri kwa siku zile, kikongwe akifa huku na mtoto akizama kule.

Kisha vikaja vita.

Vilianzaje? Ukiwauliza Wasanze, vita vilianza siku Wakombwa walipowanyima majembe mvua ikiwa imekaribia. Ukiwauliza Wakombwa, vita vilianza siku Wasanze walipowauzia chumvi yenye mchanga. Wote walisema kweli. Ila kila mmoja aliianzia hadithi pale alipoumia yeye.

Vita vikala wanaume. Vikala ng'ombe. Vikala hata mbegu za kupanda. Havikuisha kwa kupatikana mshindi. Viliisha kwa kukosekana watu wa kwenda.

Waliobaki wakarudi makwao, wakazika, wakazima moto. Usanze yote ikazima. Ukombwa yote ikazima. Kisha Wasanze wakakaa, wakitazama mto, wakisubiri moto. Wakombwa nao wakakaa, wakitazama mto, wakisubiri moto.

Mmeona walipokwama? Anayeinuka kwanza amesema kwamba wafu wake ni wepesi. Ninyi mngeinuka?

Wakatuma wasemaji kivukoni wapime misiba. Wa Usanze aliitwa Lugome. Alikuwa amezika wanawe wote. Wa Ukombwa aliitwa Msokwa. Mguu wake mmoja ulibaki vitani. Msiwacheke watu hawa. Kila mmoja alikuwa amesimamia wafu, na wafu hawamwambii mtu, sasa inatosha, nenda nyumbani.

Kikao cha kwanza wakapima vita vyenyewe.

"Ninyi ndio mlioanza," alisema Lugome, "kwa hiyo msiba wenu mliutafuta. Wetu ulitujia."

"Na chumvi ya mchanga, tuliitafuta sisi?" alisema Msokwa.

Hawakuelewana. Wakarudi makwao wakatafuna mtama mbichi.

Kikao cha pili wakapima kazi.

"Vyungu vyetu vimevunjwa vyote," alisema Lugome.

"Chungu ni udongo, na udongo mnao. Mivuo yetu ya kupulizia moto imechomwa, na wafua chuma waliokuwa wakijua kuisoma rangi ya chuma wamekufa. Ninyi chemchemi zenu zimekufa?"

"Chemchemi hazikufa. Wachemshaji ndio waliokufa."

Hawakuelewana. Wakarudi makwao wakatafuna mtama mbichi.

Kikao cha tatu wakapima ngoma, maana hawakuwa na kingine cha kupima.

"Wimbo wetu wa mavuno," alisema Lugome, "wanawake huita, wanaume huitikia. Siku hizi wanawake wanaita, wananyamaza pale pa wanaume, kisha wanaendelea."

"Sisi," alisema Msokwa, "ngoma zipo. Hakuna anayezigusa."

Siku hiyo nusura waelewane. Wakatazamana. Kisha kila mmoja akawakumbuka watu waliomtuma, akainuka, akaenda zake. Mtama mbichi.

Sasa huko Usanze alikuwepo mwanamke mmoja, Kalunde, mchemsha chumvi. Wanawe walikufa vitani. Mkwewe alikufa baada yao, akamwachia mjukuu ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, jina lake Wande. Mtoto huyo mtama mbichi ulimshinda. Kila alichomeza alikirudisha. Alikuwa anakuwa mwepesi, na bibi yake alihisi wepesi ule kila alipombeba mgongoni.

Jirani akamwambia, "Washa kidogo tu, mama. Nani atajua?"

"Moshi utajua."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Bwana mmoja pale kijijini alipekecha moto kwa siri, akavunjiwa nyumba, na waliomvunjia ni ndugu zake wa tumbo moja. Kwa nini? Kwa sababu mfiwa akiwasha mwenyewe, amewaambia wote wanaotazama kuwa msiba wake umeisha.

Asubuhi moja Kalunde akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kigae kitupu, akaenda kivukoni. Alitumaini ng'ambo hakukosekani nyumba iliyowasha kwa siri, avuke akaombe moto.

Upande wa pili alikuwa amesimama mwanamume mwenye mikono iliyobabuka kwa cheche. Naye ameshika kigae. Nacho kitupu. Alikuwa mfua chuma, Sikazwe.

Wakatazamana juu ya maji.

"Unatafuta nini huko, mla chumvi?" alisema Sikazwe.

"Natafuta Mkombwa mwenye haya. Naona nimekuja mto usio wenyewe."

"Mna moto huko?"

"Ningekuwa nao ningekuja kuutazama uso wako huu mapema yote hii?"

Sikazwe akacheka. Alicheka kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Lilikuwa tusi la kwanza la utani kuvuka mto ule tangu vita. Akaingia majini, wakakutana katikati, penye kisiwa cha mchanga.

"Mama yangu anatetemeka," alisema. "Haombi chakula. Anaomba maji ya moto tu."

"Basi inuka wewe, niletee moto."

"Nikiinuka mimi, nimesema wanangu watatu ni wepesi. Inuka wewe."

"Na wangu je? Walikuwa manyoya?"

Mtoto akalia mgongoni, kilio cha mtoto aliyekwisha kuchoka kulia. Sikazwe akamtazama. Kisha akatoa kiunoni ubao na kijiti cha kupekechea.

"Shika ubao," alisema. "Mimi nitapekecha. Akiulizwa mtu nani aliyewasha, aseme nani? Mshika ubao au mpekechaji?"

Kalunde akashika. Sikazwe akapekecha. Moshi ukatoka, cheche ikatoka, moto ukatoka. Wakaugawa katika vigae viwili, wakaufunika.

"Utawaambia nini kwenu?" aliuliza Kalunde.

"Kwamba mwanamke wa Usanze ameinuka, amekiri msiba wetu ni mzito zaidi. Na wewe?"

"Kwamba mfua chuma wa Ukombwa ameniletea moto amepiga magoti."

"Magoti usiyatie."

"Nitayatia. Bila magoti hawataniamini."

Mnacheka. Chekeni, maana mbele hakuna tena pa kuchekea.

Kalunde alipofika, Wasanze walilia kwa furaha. "Wamekiri," walisema. "Hatimaye wamekiri." Mafiga yakawaka nyumba hadi nyumba. Wande akanywa uji, ukakaa tumboni. Ng'ambo nako Wakombwa walilia kwa furaha. "Wamekiri," walisema. Mivuo ikashonwa. Mama yake Sikazwe akanywa maji ya moto, akalala bila kutetemeka.

Chumvi ikachemka, chuma kikalia, soko likarudi. Mngeliona soko hilo mngesema nchi zimepona. Lakini mtaniwia radhi, mimi nililitazama kwa karibu. Msanze alimngoja Mkombwa amwamkie kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekiri. Mkombwa alimngoja Msanze. Wakauziana bila kusalimiana. Na utani haukurudi. Mtu akifa, kila upande ulijitafutia moto nyumba ya jirani wa upande huohuo, ukasema, watatuletea nini wale, si walikwisha kujishusha?

Watoto wa Usanze wakapata wimbo: Wakombwa walipiga magoti, moto wakauleta. Watoto wa Ukombwa nao walikuwa na wao. Sauti ni ileile. Jina tu ndilo lililobadilika.

Kalunde alizeeka akiusikia wimbo huo. Siku moja alikutana na Sikazwe kivukoni, naye amezeeka, wakakaa kwenye mchanga wao.

"Tuseme ukweli?" aliuliza Kalunde.

"Wataambiwa moto wote wa nchi mbili umewashwa na mikono ya wafiwa. Watauzima, na kukaa tena kusubiri."

"Labda hawatauzima. Labda watacheka."

"Labda. Basi sema wewe kwanza."

"Kwa nini mimi?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikisikia alichokisema. Wakainuka, wakaenda makwao polepole, huyu huku, yule kule.

Haukupita muda mrefu Sikazwe akafa. Habari zikavuka mto. Kalunde alikuwa hawezi tena kutembea. Akamwita Wande, aliyekuwa sasa mwanamke mwenye mtoto wake.

"Mjukuu wangu, chukua kigae. Kampelekee moto marehemu Sikazwe nyumbani kwake. Mcheke vizuri. Mwambie alikuwa mwongo."

Wande akamtazama bibi yake kwa huruma, kama mtu anavyomtazama aliyeanza kusahau.

"Bibi, wale walitupigia magoti. Tukiwapelekea moto leo, si tumejishusha? Si tumesema waliokufa kwetu walikuwa wepesi?"

Kalunde akafungua mdomo. Alitaka kusema, magoti niliyatia mimi. Akatazama mafiga. Juu yake palikuwa na chungu, na ndani ya chungu uji wa mtoto wa Wande ulikuwa unachemka. Akafunga mdomo.

Huko Ukombwa wakangoja. Wazee wachache walikumbuka kwamba Sikazwe alikuwa na mtani Usanze, wakasema, huyo hatakosa kuja. Siku ya kwanza nyumba ile haikutoa moshi. Siku ya pili haikutoa moshi. Siku ya tatu vijana wa Ukombwa walisema Wasanze wamemdharau marehemu wao, wakashuka kivukoni, wengi, wakiimba ule wimbo wao.

Walikuwa wameshika vitu mikononi. Havikuwa vigae.

Niwape tena?
— Basi, imetosha.
Ilikuwa chungu?
— Tumeimeza.
Iliwahusu?
— Ilikuwa ya jirani.