Neno la Binti Kitundu

Wapendwa, kabla sijafika kwenye neno la leo, nataka niwape habari za fundi cherehani mmoja. Alishonea kwenye baraza la duka, katika mji fulani wa bara, upande ule wenye jua kali na mvua ya kubahatisha. Jina lake la ubatizo tuliache. Mji mzima ulimwita Fundi, na sisi tumwite hivyo hivyo. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mtu wa ibada, mtu mwaminifu. Ukimpelekea mita tatu za kitambaa, unaletewa nguo yako pamoja na mabaki, hata yawe vipande vya kufutia miwani.

Lakini Fundi alikuwa na kidonda, na kidonda chake kilikuwa jina la baba yake.

Baba yake aliitwa Msengi. Zamani, mji ulipokuwa vibanda vichache, Msengi na mwenzake Kitundu walichimba kisima cha kwanza, kile ambacho watu wanachota mpaka leo. Walichimba kwa majembe na ndoo, mmoja chini, mmoja juu ameshika kamba. Siku maji yalipokaribia, Kitundu alianguka humo akafa. Msengi akawaambia watu kwa kinywa chake mwenyewe, "Kamba iliniponyoka." Basi. Hakuongeza neno. Tangu siku ile mkono wake wa kushoto haukunyanyuka tena, na watu wakasema Mungu ameupiga mkono ulioachia kamba. Ukawa msemo wa mji. Mtu asiyeaminika, wanamnyooshea kidole: "Huyo? Usimpe Msengi kamba." Mtoto wa Msengi aliusikia msemo huo shuleni, akausikia sokoni, akausikia siku ya harusi yake mwenyewe, umesemwa na mtu aliyekuwa anatania tu.

Sasa, katika mji huo kulikuwa na Chama cha Historia. Msidhani ni wasomi wakubwa. Walikuwa walimu wastaafu, nesi mmoja, na mzee aliyekuwa karani wa stesheni. Mara tatu kwa mwaka waliwakusanya watu kwenye ukumbi wa kata. Mara hii wanatundika picha za zamani kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, watu wanapita wakitafuta sura za babu zao. Mara nyingine wanawaita kina mama wakongwe waonyeshe jinsi uwele ulivyohifadhiwa usiliwe na wadudu. Watu waliipenda mikusanyiko ile. Walikula, walicheka, walilia kidogo, wakarudi makwao.

Fundi hakwenda hata mara moja. Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya barabara, anauona vizuri kutoka kwenye cherehani yake, naye alikuwa akiwatazama wanaoingia na kusema moyoni, Mtu anayefukua ya kale anatafuta nini kama si mfupa?

Siku moja katibu wa chama, mama mmoja mpole aitwaye Mwalimu Eliwaza, akavuka barabara na daftari lake kwapani.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, Mwalimu. Kiti hicho."

"Tunaandaa Siku ya Kisima. Kinatimiza miaka sitini. Tungependa uje utuambie habari za mzee wako."

"Habari za mzee wangu mnazo."

"Tunazo zinazosemwa."

"Kwani kuna nyingine?"

"Ndilo tunalouliza, Fundi. Tunauliza kila mtu." Akafungua daftari. "Hata yule binti wa marehemu Kitundu, anayekaa kule vijijini kwa wajukuu, ametuma salamu kwamba atakuja mwenyewe. Anasema ana neno juu ya Msengi, na anataka alisemee mbele ya watu."

Mguu wa Fundi ukasimama juu ya pedeli.

Ndugu zangu, nawauliza: ungekuwa wewe, ungefikiri nini? Binti wa aliyekufa, miaka sitini kimya, leo anasafiri na uzee wake kuja kusema neno juu ya aliyeachia kamba. Mbele ya watu! Fundi hakuhitaji kufasiriwa. Alilisikia neno hilo kabla halijasemwa. Alisikia "muuaji".

Kuanzia siku ile usingizi ukapungua na macho yakaongezeka. Alihesabu nani anaingia ukumbini na nani anatoka. Alimwona Mwalimu Eliwaza amesimama na mtendaji wa kata, wanacheka; akajua wanamcheka yeye. Wateja wawili walinyamaza alipokaribia. Akajua walikuwa kwenye habari ya baba yake, kumbe walikuwa wakinong'ona juu ya mwenzao aliyekimbiwa na mke. Mkewe alimwambia, "Baba watoto, yule bibi hata humjui. Ungemfuata kijijini ukamsikiliza." Akajibu, "Nyoka hafuatwi shimoni." Na mke naye, kwa muda, akaingia kwenye orodha ya watu wa kuangaliwa.

Hivyo ndivyo shaka ilivyo, wapendwa. Ukiipa kigoda, inataka kitanda.

Siku tatu kabla ya mkutano, Fundi akamfuata katibu nyumbani kwake. Alivua kofia. Akaongea kwa sauti ya huruma, ile sauti tunayoitumia tukitaka kumchinja mtu bila damu kuonekana.

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya yule bibi. Nimepata habari zake kwa watu wa kule. Akili imeyumba. Anaongea na waliokufa, anawatengea chakula. Leo atakwambia hili, kesho lile. Mkimsimamisha pale mbele mtamwaibisha, mzee wa watu."

Hakuwa amepata habari yoyote. Alizitunga njiani, kati ya mashine ya kusaga na kwa katibu.

Mwalimu Eliwaza alisikitika sana. "Maskini. Ahsante kwa kuniambia." Akachukua kalamu, akalifuta jina. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akawaambia wenzake wa chama wampokee bibi kwa upole, maana hali yake ni hiyo. Wenzake wakawaambia wake zao na waume zao. Mpaka Siku ya Kisima inafika, mji mzima ulishajua kwamba binti Kitundu si mzima.

Siku yenyewe, Fundi akaingia ukumbini kwa mara ya kwanza. Hakufuata historia. Alikwenda kulinda. Alikaa ubavuni, mahali pa kuuona mlango.

Bibi akafika. Mwembamba, wima, kitambaa cha kijani kichwani, viatu vimejaa vumbi. Watu wakampisha na kumsalimu "Shikamoo, bibi" kwa ile sauti ya kumsemesha mtoto. Akaitikia "Marahaba," akakaa karibu na mlango. Mapajani alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kanga. Fundi hakusikia tena lolote lililosemwa mbele. Alikuwa akikitazama kile kifurushi. Ni nini kile? Ni kipande cha kamba? Ni nguo ya marehemu yenye damu, imehifadhiwa miaka yote ije kuonyeshwa?

Wazungumzaji watatu wakasema. Bibi akanyoosha mkono. Mwalimu Eliwaza akamwinamia, akatabasamu. "Bibi, pumzika kwanza. Tutaongea wakati wa chakula." Bibi akaushusha mkono. Baada ya muda akaunyoosha tena, akajibiwa vile vile. Mara ya tatu hakuunyoosha.

Fundi akapumua.

Chakula kilipoanza kugawiwa, bibi akainuka aondoke. Fundi akaona hatari: njiani atakutana na watu, atasema. Akamkimbilia, akamshika mkono, "Mama, nitakusindikiza stendi." Watu wakasema, Mwoneni Fundi, mtu wa Mungu huyu.

Walipovuka barabara bibi akamtazama usoni. "Wewe ni wa Msengi. Una paji lake la uso."

"Ni mimi."

"Basi sikuja bure." Akamkabidhi kile kifurushi. "Karanga hizi nimewaletea za kula nyumbani kwenu. Nimezilima mwenyewe. Mtu haendi kwa watu wa Msengi mikono mitupu."

Fundi akazishika zile karanga.

"Nilikuja na neno," bibi akasema. "Hawakunipa nafasi. Nitakwambia wewe. Baba yako hakuachia kamba, mdogo wangu. Hakuwa ameishika. Siku ile baba yangu alikuwa amelewa. Msengi alimkatalia kushuka, wakagombana. Msengi alipokwenda kuchukua jembe lake, baba yangu akaifunga kamba kwenye kisiki, akajishusha mwenyewe. Mikono ikamshinda. Msengi akashuka kumfuata huku udongo unamporomokea. Mara ya kwanza akashindwa. Mara ya pili akatoka naye mgongoni, na bega lake likavunjika humo ndani. Mama yangu alikuwepo. Aliona kwa macho yake."

"Mbona mwenyewe alisema kamba ilimponyoka?"

"Siku zile mlevi akifa na pombe yake, hazikwi na kanisa. Kengele haipigwi. Na sisi tungeitwa watoto wa mlevi aliyejiua. Mama alilia pale kisimani. Baba yako akamwambia, 'Shemeji, nyamaza. Huyu amekufa, hana mgongo wa kubebea maneno. Mimi ninao.'"

Fundi akakaa chini, pale pale ukingoni mwa barabara, na suruali yake ya kanisani.

"Mama aliniambia akiwa mgonjwa, miaka minne imepita," bibi akaendelea. "Miaka minne nimetafuta ujasiri. Si rahisi kumvua baba yako nguo mbele ya watu ili umvike wa mwenzako. Nikasikia habari ya Siku ya Kisima, nikasema, ndiyo hiyo. Lakini mbona waliniangalia kama mgonjwa?"

Fundi angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, tumpe haki yake. "Ni mimi, dada. Nilidhani unakuja kumwita baba muuaji. Niliwaambia akili yako imeyumba."

Bibi hakupiga kelele. Akasema, "Kumbe nilikuwa natembea kuja kwenu, na ninyi mnajificha."

Fundi akasimama, akamsihi warudi, watu bado wanakula. Bibi akarudi. Miguu inamuuma, ameonewa, lakini akarudi! Akasimama katikati ya sahani na vikombe, akasema yote, neno kwa neno, wala sauti haikutetemeka.

Na watu wakamsikiliza. Wakamsikiliza kwa huruma. Mama mmoja akamletea maji. Mwingine akamwambia, "Pole, bibi, kaa upumzike." Nesi akamshika kifundo cha mkono, akapima mapigo ya moyo. Mwalimu Eliwaza akamsogelea Fundi, akamnong'oneza, "Ulisema kweli. Kumbe hali yake imefika huku."

Fundi akapaza sauti, "Jamani, ana akili timamu! Nilidanganya! Ni mimi niliyemzushia!"

Ndipo yule mzee aliyekuwa karani wa stesheni, mtu asiye na ubaya na mtu, akaweka kijiko chini akauliza, "Fundi, juzi ulisema amechanganyikiwa. Leo kwa kuwa amemsifu baba yako, amepona?"

Wengine wakainamisha nyuso wasionekane wakicheka.

Mwalimu Eliwaza, kwa haki, akafungua daftari la chama akaandika habari yote. Lakini historia ina kanuni zake, lazima useme umeipata wapi. Kwa kuwa maneno ya bibi hayakuweza kupokelewa, mwishoni akaandika, "Kwa maelezo ya mwana wa Msengi." Na mwana akimsifia babaye, nani anamwamini?

Sasa nasema na sisi. Nasema nawe wa benchi la nyuma, na wewe wa kwaya, na mimi mwenyewe niliyesimama hapa. Sisi ni mabingwa wa kusikia neno ambalo mtu hajalisema. Mtu anasema "nataka tuongee", na sisi tumeshajua anataka kutugombeza. Ndugu aliyepotea miaka anapiga simu, hatupokei. Tunasema ana shida zake. Jirani anakuja na kitu kwenye kanga, na sisi tunatafuta kisu ndani yake. Na hatuishii kushuku. Tunamwahi. Tunamharibia jina kabla hajafungua kinywa, tunasema ni mwongo huyo, ni mchawi, ana kisirani. Tunadhani tumemziba mdomo mshtaki wetu. Ndugu zangu, ni mara ngapi tumemziba shahidi? Yule mmoja tu duniani aliyeona, aliyejua, aliyekuja kwa miguu yake kututetea?

Tena Mungu alimsamehe Fundi, sina shaka. Bibi naye alimsamehe, kabla basi halijaondoka. Lakini ule uongo, wapendwa, haukungoja msamaha. Ulikuwa umeshafika majumbani. Mpaka leo Fundi anapita mlango kwa mlango, anawaambia watu kwamba bibi yule ni mzima, na watu wanamwitikia kwa adabu, wanamkaribisha chai.

Kuna jina la mtu uliloliharibu wiki hii kwa sababu ulidhani. Unalijua. Usingoje kusikia alitaka kusema nini. Nenda kalisafishe leo, ungali bado unaaminika.